Shangazi, mume wangu anataka tuzamie pamoja Mafia, na hajui kama nina pumu

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma, nina miaka 32, nimeolewa na tuna mtoto mmoja. Mume wangu ni mtu mwema, kwa matunzo sina la kumlalamikia. Tabia yake moja ni kuamua jambo kwanza na kuniambia baadaye, akiamini ananifurahisha.

Mwezi uliopita alirudi kazini anacheka peke yake. Akanionyesha kwenye simu tiketi za kwenda Mafia mwezi wa kwanza, siku nne, sisi wawili tu, mtoto abaki kwa bibi yake. Nilifurahi, Shangazi, maana tangu tuoane hatujasafiri pamoja bila kuwa na msiba au harusi ya mtu. Kisha akanipa ile aliyoiita zawadi yenyewe: asubuhi ya siku ya mwisho tutazamia chini ya bahari kwenye Ghuba ya Chole, mitungi ya oksijeni mgongoni, halafu saa nane mchana tupande ndege kurudi Dar. Amesoma kwamba kuna safari maalumu ya wapenzi wanaoanza, watu wasiojua chochote, na mwalimu anakuwa nao muda wote. Nusu ya malipo ameshatoa.

Mimi nimezaliwa Kondoa. Maji mengi niliyoyajua utotoni ni ya ndoo. Kuogelea sijui, na bahari nimeiingia Coco Beach mpaka magotini, tena nimemshika mtu mkono. Halafu mimi najistiri, na picha alizonionyesha za wanawake waliovaa zile nguo za mpira zilinifanya niangalie pembeni.

Lakini hayo yote ningeyameza. Kinachoninyima usingizi ni kingine. Nina pumu tangu utotoni. Wakati wa posa, mama mkwe aliuliza mbele ya watu kama kwetu kuna ugonjwa wa kifua, na shangazi yangu wa damu akajibu haraka kwamba hakuna. Tangu siku hiyo sijapata mdomo wa kusema. Pampu naiweka ndani ya mfuko wa pedi, mahali ambapo mume wangu hawezi kupekua. Hainisumbui kila siku. Mwaka huu ilinibana kipindi cha vumbi la mwezi wa nane, na siku nyingine nilipokimbilia daladala.

Sasa ameniletea fomu ya afya ya kujaza. Inauliza mapafu, moyo, masikio, mimba. Rafiki yake aliyewahi kuzamia Zanzibar amemwambia tujibu “hapana” kote, kwa sababu ukijibu “ndiyo” hata mahali pamoja wanakurudisha na hela hairudi. Mume wangu ameshajaza yake. Yangu iko mezani, ananiuliza kila jioni.

Nijibu hapana nijikaze? Au siku ikifika nisingizie kuumwa kichwa? Sitaki kumvunja moyo.

Mwalimu, Dodoma

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa kukosa usingizi.

Fomu hiyo usiijaze kwa uongo. Mengine yote uliyoyaandika, bahari, nguo, kutojua kuogelea, yana njia zake na tutayafikia. Hili halina njia ya pembeni. Rafiki wa mumeo amewapa ushauri wa mtu anayelinda amana ya hela. Ni kweli kwamba ukijibu “ndiyo” kwenye maswali fulani hawatakushusha majini mpaka daktari asaini. Ndiyo sababu ya kupewa fomu mapema, ili upate muda wa kwenda kwa daktari ukiwa bado Dodoma, usije ukaulizwa maswali ya kifua ukiwa umeshakaa kwenye mashua na mume anakutazama.

Nikueleze kinachotokea huko chini, maana wewe ni mwalimu na ukijua sababu hutahitaji kutishwa. Mtungi ule kwanza si wa oksijeni. Ni hewa hii hii ya kawaida, imechujwa na kushindiliwa. Tukiwa nchi kavu tunabeba mgandamizo wa angahewa moja. Ukishuka mita 10 baharini unaongezeka mwingine kama huo, unabeba mara mbili. Kifaa cha mdomoni kinakupa hewa yenye mgandamizo sawa na wa maji yaliyokuzunguka, kwa hiyo kifua kinajaa kama kawaida na hutahisi tofauti. Shida iko wakati wa kupanda. Hewa iliyokuwa kifuani kwenye mita 10 inataka nafasi mara mbili ukifika juu. Anayepumua bila kukatisha, hewa ya ziada inamtoka kwa mapovu wala hana habari. Anayebana pumzi anaweza kupasuka mapafu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya uzamiaji, wanayokwambia kabla hujavaa hata viatu, ni kwamba usibane pumzi kamwe.

Sasa mwenye pumu anaweza kubana pumzi bila kutaka. Vijinjia vya mapafu vikisinyaa, hewa inanaswa nyuma yake, na hata ukipumua kwa adabu yote ile iliyonaswa haitoki kwa wakati. Juu ya hapo, hewa ya mtungini ni kavu, na hewa kavu pamoja na jitihada na woga ni vitu vinavyojulikana kuamsha pumu. Pampu yako haitumiki chini ya maji. Wala usikubali maneno ya “tutakaa juu juu tu”, kwa sababu mapafu yamewahi kudhurika hata kwenye kina cha bwawa la hoteli. Tofauti kubwa ya mgandamizo iko kwenye zile mita za mwanzo.

Zamani ungeambiwa tu kwamba mwenye pumu asizamie, basi. Siku hizi madaktari wanampima mtu mmoja mmoja. Wanauliza ilikubana lini mara ya mwisho, nini kiliiamsha, unatumia dawa gani, kisha wanapima nguvu ya mapafu ukiwa umepumzika na tena baada ya kukimbia au kupanda ngazi. Mtu ambaye pumu yake imetulia miaka mingi na vipimo ni safi, anaweza kuruhusiwa. Ambaye pumu yake inaamshwa na mbio, baridi au wasiwasi, kwa kawaida anakataliwa. Umeandika kwa kupita kwamba ilikubana ulipokimbilia daladala. Hilo ndilo neno ambalo daktari anahitaji kulisikia kuliko yote, usije ukalificha kwa kuwa umeona aibu. Chapisha fomu, nenda nayo hospitali ya rufaa, omba kuonana na daktari wa magonjwa ya ndani au wa kifua, na umwambie wazi kwamba ni kwa ajili ya kuzamia na mtungi wa hewa, si kuogelea.

Sitakupa tumaini la bure. Kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani atakwambia hapana, angalau kwa mwezi wa kwanza. Lakini mimi si daktari wako, nenda ukapimwe.

Kabla ya daktari, kuna mumeo. Umeishi na pampu kwenye mfuko wa pedi ndani ya nyumba yako mwenyewe. Mwanangu, siku ukibanwa usiku na mkono usifike kwenye huo mfuko, nani atajua pa kutafuta? Mtoto wenu je? Pumu hutembea katika familia, na akianza kukohoa usiku baba yake atakuwa anahangaika na dawa za mafua. Sikulaumu kwa yaliyotokea kwenye posa. Swali la mama mkwe halikuwa na adabu na jibu la shangazi yako lilikuwa la kuokoa jahazi, ila wewe ndiye uliyeachiwa kulibeba. Mwambie mumeo peke yake, mtoto akishalala, pampu ukiwa umeishika mkononi. Usianze na Mafia. Anza na posa: “Siku ile mama alipouliza, jibu halikuwa kweli, na mimi niliogopa.” Akinuna siku mbili, mwache anune. Ana haki hiyo. Mama mkwe si lazima ajue wiki hii, hilo mtaamua wawili.

Kuumwa kichwa usisingizie. Ukifanya hivyo ataahirisha mpaka mwaka ujao, akulipie tena, na wewe utafute kichwa kingine.

Kuna kitu kingine kwenye barua yako ambacho hukukiulizia, nacho kimenishtua karibu sawa na ile fomu. Mzamie asubuhi, mpande ndege saa nane mchana? Hapana. Sehemu kubwa ya hewa tunayovuta ni naitrojeni. Ukiwa chini, naitrojeni inaingia na kuyeyuka kwenye damu na misuli kuliko kawaida, na inahitaji saa nyingi kutoka taratibu. Ukipaa angani kabla haijatoka, mgandamizo unashuka na ile gesi inaweza kutengeneza mapovu mwilini. Maumivu ya viungo ndiyo afadhali, kuna watu wamepooza. Mwongozo wa DAN, mtandao wa usalama wa wazamiaji, ni kusubiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na angalau saa 18 kwa aliyezamia mara kadhaa. Vituo vingi vinawaambia wateja saa 24 tu, kurahisisha hesabu. Mumeo asiseme kwamba ndege ya Mafia ni ndogo na haiendi mbali. Ndege ndogo zile hazijazwi hewa ya mgandamizo ndani, ukipaa mita elfu moja na zaidi mwili wako unajua.

Na hata kama mngerudi kwa kivuko cha Nyamisati halafu mkapanda SGR jioni hiyo hiyo, Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mnaopanda kwenda bara mna kilima mbele yenu ambacho mtu wa Dar hana. Kwa hiyo atakayezamia, azamie siku ya pili ya safari. Siku ya mwisho ibaki ya nchi kavu. Simu moja kwa kituo inatosha kubadili, tena wao wenyewe wakisikia saa ya ndege yenu watawabadilishia bila kuombwa. Wasipobadilisha, tafuteni kituo kingine.

Haya, tuseme daktari amekusomea vipimo na kusaini. Au tuseme wewe umekataliwa lakini kuna dada mwingine anayesoma hapa, kifua chake kizima, na mumewe naye kaja na zawadi ya aina hii. Je, mtu asiyejua kuogelea anaweza? Anaweza, kwa uzamiaji wa majaribio. Mafunzo ya cheti, yale ya PADI kwa mfano, shirika la kimataifa la kufundisha uzamiaji, yanadai uogelee mita 200 na kuelea dakika 10. Majaribio hayana mtihani huo kwenye kanuni, ingawa vituo vingine vinakuuliza na vina haki ya kukukatalia. Kina hakizidi mita 12, na kwa mara ya kwanza mita 5 au 6 zinatosha kuona kila kitu. Mwalimu ndiye anayejaza na kupunguza hewa kwenye jaketi lako, ndiye anayeangalia saa ya mtungi. Wewe kazi yako ni kupumua na kusawazisha masikio.

Wanaoanza hawaogopi kina kama wanavyodhani. Wanaogopa maji puani. Umezoea maisha yako yote kuvuta hewa kwa pua, sasa pua imefungwa ndani ya miwani na mdomo umeuma mpira, na matone mawili yakiingia mwili unapiga kelele kwamba unakufa. Dawa yake iko nyumbani. Jaza beseni, vaa miwani ya kuogelea inayofunika pua, uma mrija, zamisha uso upumue kwa mdomo mpaka uchoke. Ukizoea hivyo, ivue miwani urudie, pua ikiwa ndani ya maji. Fanya hivyo jioni kadhaa, kisha tafuteni hoteli yenye bwawa hapo Dodoma mwende Jumamosi. Sina maana ya kujifunza mitindo. Uso majini, miguu chini, kupumua polepole. Basi.

Siku yenyewe hamtupwi baharini moja kwa moja. Mwalimu mwema anaanza kwenye maji ya kiunoni na kukufundisha mambo machache: kukitoa kifaa mdomoni, kukirudisha na kupuliza maji yaliyoingia, kuangalia juu na kupuliza kwa pua ili miwani ikiingia maji yatoke, kubana pua na kupuliza taratibu masikio yafunguke. Hilo la masikio lifanye mapema na mara kwa mara, kabla halijauma, maana mita tatu za mwanzo ndizo zenye maumivu. Ukiwa na mafua usiende kabisa, na usimeze vidonge vya kuzibua pua ili ulazimishe. Ukishindwa mazoezi ya kiunoni, unaishia hapo.

Ghuba ya Chole mumeo ameichagua vizuri, nampa haki yake. Iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995. Visiwa vya Chole na Juani pamoja na miamba vimeikinga na mawimbi ya bahari kuu, na mwezi wa kwanza ni kaskazi, maji ni ya joto. Ila ghuba ina mlango wake, Kinasi, na maji yakitoka na kuingia pale yanakwenda kwa nguvu, hasa siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, mwezi mpevu au mwandamo. Mlango huo si wa mwanafunzi. Muulizeni mwalimu atawapeleka sehemu gani na saa ngapi ya maji. Anayeanza anafaa maji yakiwa yanajaa au yametulia, maana maji yanayoingia kutoka nje ndiyo safi, na yanayotoka yanakuja na tope la mikoko. Kama tarehe zenu zinaangukia maji mafu, siku ambazo bahari inajaa na kupwa kidogo tu, afadhali zaidi. Getini njia ya Utende mtalipa kiingilio cha hifadhi, chukueni vitambulisho vya taifa kwa sababu Mtanzania halipi sawa na mgeni.

Utakachokiona ukishatulia sitakimaliza hapa. Pono wanatafuna matumbawe na unawasikia, kweli unawasikia, kru kru, kwa sababu sauti inasafiri majini haraka kiasi kwamba huwezi kujua imetoka upande gani. Mkunga anachungulia kwenye tundu lake. Chewa mkubwa amekaa hana habari na mtu. Kasa ukibahatika. Rangi nyekundu ndiyo inayopotea kwanza ukishuka, hivyo hina yako itaonekana kama wino mweusi, na picha ya mumeo mwenye shati jekundu itatoka kijivu. Msiguse wala kukanyaga matumbawe. Yanakua polepole mno kuliko hamu yenu ya picha.

Kuhusu nguo. Zile suti za mpira zinafunika kuanzia shingo hadi vifundo vya miguu, wengine hata mikono yote, ila zinabana na zinaonyesha umbo, sitakuficha. Vaa shati refu la kuogelea juu yake, hilo halizuii kitu. Kwenye mashua jifunge kanga mpaka dakika ya mwisho, na ukitoka ujifunge tena. Mafia wenyewe ni Waislamu kwa sehemu kubwa, hakuna atakayekushangaa kwa kujistiri, watakaoshangaliwa ni wale wanaokatiza Utende na chupi za kuogelea. Kichwani vaa kofia ya mpira ya kuzamia au hijabu ya kuogelea, lakini angalia ukingo wa miwani ukae kwenye ngozi. Kitambaa kikiingia chini ya mpira maji yatavuja muda wote. Mwambie na mumeo, kama ana masharubu mazito, yatamvujishia vile vile, atachagua mwenyewe. Mwalimu atakushika mkono au atashika mtungi wako ukiwa majini, hiyo ni lazima, kwa hiyo kama ungependa mwalimu wa kike uliza wakati wa kupiga simu, si asubuhi ya siku hiyo.

Neno kwa mume, kama naye anasoma. Baba, chini ya maji wewe si mlinzi wa mkeo, ni mwanafunzi mwenzake. Usimfundishe, usimsahihishe, usimvute mkono ashuke kwa mwendo wako, maana masikio yake si yako na utamuumiza. Kushikana mikono kwa picha ruksa, mkishatulia, ila kila mmoja abaki na mkono mmoja huru wa kubana pua. Jifunzeni ishara pamoja kabla: dole gumba juu si “poa”, ni “nataka kupanda”. Ukimuuliza kama yuko sawa naye akakuonyesha dole gumba kwa furaha, mwalimu atampandisha juu, na mtabishana kwenye mashua. Poa ni duara la kidole gumba na cha shahada. Na yeyote anaweza kusema basi wakati wowote, bila kutoa sababu, wala asiulizwe wakati wa chakula cha usiku. Huo ni utaratibu wa wazamiaji wote duniani. Tena usishangae hewa yako ikiisha kabla ya yake, wanaume wenye vifua vikubwa na haraka nyingi ndio wanaomaliza mitungi.

Sasa wewe, mwalimu wangu, daktari akisema hapana. Mumeo azamie siku ya pili na mwalimu wake, tayari amelipa. Wewe ukae juu na jaketi la kuelea, miwani na mrija, na mtu wa mashua pembeni yako. Kwenye miamba ya kina kifupi utawaona samaki wale wale, na mapovu ya mumeo yatakuwa yanapanda chini yako. Hilo nalo muulize daktari siku hiyo hiyo, maana kupiga mapezi ni jitihada, na pampu iwe kwenye mashua ndani ya mfuko usioingia maji, mtu wa mashua akiwa amejulishwa iko wapi. Hela ya uzamiaji wako ombeni igeuzwe iwe safari ya papa potwe. Kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa pili hivi wanakuja upande wa Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, samaki mkubwa kuliko wote duniani, hana habari na nyama ya mtu, anachuja vidudu vidogo vya baharini. Anaangaliwa kwa miwani na mrija, mitungi haihusiki. Yeye anaogelea polepole lakini polepole yake ni mbio kwako, usimfukuze. Akikupita umemwona, rudi kwenye mashua, pumzika, mngoje mwingine.

Siku ya mwisho vukeni kwenda Chole. Kuna magofu ya wakati wa Wajerumani na popo wakubwa wamening'inia mitini mchana kweupe, na hakuna fomu ya kujaza.

Fanya kwa mpangilio huu: mume usiku wa leo au kesho, daktari wiki hii, simu ya kituo baada ya hapo kubadili siku ya kuzamia. Fomu ya mumeo nayo airudie upya, kwa sababu kama alijaza “hapana” kote kwa ushauri wa rafiki, hatujui na yeye ameficha nini.

Shangazi